Viti vya Pweza wa Berlin

Kilichonipeleka Ulaya kwa mara ya kwanza ni kiti cha pweza mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni muuguzi katika jiji la Berlin, na kwa miaka mingi alikuwa akinialika niende nikatembee. Kila aliponialika palikuwa na jambo: msimu wa mwani, mtoto anafanya mtihani, harusi ya jirani. Safari hii hakunialika kutembea. Alinipigia simu akanieleza kwamba ndani ya tangi lake la maji ya bahari wamezuka viti vya pweza wasiohesabika. Kila aliyemuuliza alisema lake, huyu akitaka wauawe wote na yule akitaka waachwe, na huku tumbawe analolipenda kuliko yote lilikuwa limeanza kufumba. "Dada," akaniambia, "wewe umekulia juu ya mwamba. Njoo uangalie."

Mimi ni mtu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yakipwa kwetu mtu hutembea mbali sana kabla hajafika panapovunja mawimbi, na njiani hukutana na kila namna ya kiumbe: majongoo bahari, pweza ndani ya shimo lake, na viti vya pweza wa kijivu wenye vinundu vyekundu mgongoni, wakubwa kupita kiganja cha mtu mzima. Tangu utoto nimeshuka na mama kwenye vigingi vya mwani, na viti vya pweza nimewaruka, nimewaokota, nimewarudisha majini. Kwetu hawana bei wala kosa. Ndiyo maana simu ya kaka ilinishangaza, na ndiyo maana nilikubali kwenda.

Nilipanda ndege ya usiku, nikabadilisha Doha, nikashuka Berlin katika mwezi wa Januari. Baridi yake sitaisimulia sana; inatosha kusema kwamba pumzi yangu niliiona kwa macho. Kaka anakaa Wedding, kaskazini mwa jiji, karibu na mitaa iliyopewa majina ya Afrika enzi za ukoloni wa Wajerumani. Ipo barabara iitwayo Sansibarstraße. Ipo pia Maji-Maji-Allee, jina lililowekwa mwaka 2024 kwenye sehemu ya barabara ambayo awali ilipewa jina la Carl Peters, na mbele ya kibao hicho nilisimama kwa muda mrefu, baridi au si baridi.

Tangi lilikuwa sebuleni, lita 400, na ndilo lililokuwa taa ya nyumba. Wifi alinikaribisha chai ya tangawizi, lakini macho yangu yalikwisha kwenda kule. Sikutegemea. Nilidhani nitaona samaki wa mapambo wanaozunguka juu ya kokoto za rangi. Niliona mwamba: mawe yenye matundu, mwani wa chokaa wa rangi ya zambarau umeyafunika kama ulivyoyafunika ya kwetu, matumbawe ya matawi, matumbawe laini yanayopepea, na samaki wawili watatu tu waliojua mahali pao. Maji ni ya bomba, yamechujwa hadi hayana kitu, kisha yakatiwa chumvi maalumu kiasi cha gramu 35 kwa lita. Joto linashikiliwa kwenye nyuzi 25, karibu na bahari yetu inavyokuwa wakati wa kipupwe. Pampu zinavuta maji huku na huku ili yasilale. Nyuma ya tangi kuna mashine ya povu, bomba refu linalochanganya hewa na maji mpaka uchafu unapanda na povu na kumwagika kwenye kikombe.

Kaka alinieleza kwamba ufugaji wa namna hii una jina la jiji lenyewe: njia ya Berlin. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa hapa waliacha kutegemea machujio makubwa, wakaweka ndani ya tangi mawe hai, yaani vipande vya mwamba vilivyotoka baharini na wakazi wake, pamoja na mashine kali ya povu na mwanga mwingi. Kazi ya kusafisha maji hufanywa na bakteria wanaokaa ndani ya matundu ya mawe. Wale wa juu, penye oksijeni, hugeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa naitreti. Wale wa ndani, pasipo na oksijeni ya kutosha, huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayoondoka zake. Kwa njia hiyo matumbawe yaliweza kuishi na hata kukua katika nyumba za watu. Dietrich Stüber, mmoja wa wafugaji hao, alikuza tumbawe la matawi la jenasi ya Acropora, akawa analikata vipande na kuwagawia wenzake, nao wakawagawia wengine, hata likaenea Ujerumani na kuvuka mipaka yake. Habari hii ilinigusa. Watu walioko mbali na bahari ya joto walijenga bahari kwa kupeana.

Lakini anayepeana jiwe hupeana na kilichomo. Ndani ya tundu moja la jiwe hai kunaweza kuwa na minyoo, konokono wachanga, kaa wadogo, sifongo, na kiti cha pweza ambaye hakuna aliyemwona. Siku hizi wengi huanza na mawe makavu yasiyo na uhai, na bado kiti cha pweza anafika, chini ya kijiwe kilichobandikwa kipande cha tumbawe la dukani. Kaka anaamini wake walikuja hivyo.

Usiku ule tulizima taa zote, tukasubiri, kisha akawasha tochi yenye mwanga mwekundu, ambao viumbe wa usiku hawaujali sana. Kwenye kioo walikuwepo. Wengine weupe mchafu, wengine wa kijivu kinachoelekea kijani, wengi wao hawafiki hata sentimita moja. Nilisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Mmoja alikuwa na mikono mitatu mirefu na miwili mifupi. Mwingine sita, hakuna miwili inayolingana. Wa tatu alikuwa amejivuta katikati, nusu yake inakwenda juu na nusu inakwenda kando, na pale kati ngozi imebaki nyembamba.

Huko kujivuta ndiko kuzaa kwake. Hatafuti mwenzi wala hatagi mayai ya kutosha kujaza tangi, anajipasua. Kila nusu inaondoka na mikono yake, jeraha linajifunga, na katika wiki zinazofuata mikono mipya inachipua pale palipokatika. Kwa hiyo mikono isiyolingana si kilema. Ni alama ya kiumbe aliyekuwa wawili, au atakayekuwa wawili. Na ndiyo sababu mtu anayewasaga kwa wembe kwenye kioo na kuviacha vipande vielee anajiongezea kazi.

Walikuwa wakila. Kiti cha pweza hana meno. Tumbo lake hulitoa nje kupitia mdomo ulio chini, akalitandaza juu ya chakula, akakimeng'enya papo hapo, kisha akalirudisha. Juu ya kioo chakula hicho ni utando wa mwani na bakteria usioonekana kwa macho. Asubuhi yake, kwenye mawe ya zambarau, nilionyeshwa vidoa vyeupe vya mviringo. Kaka alikuwa akiviogopa vidoa hivyo kuliko kitu chochote. Nilimwambia avifute moyoni: ni mahali walipokula mwani wa chokaa, na mwani wa chokaa huota tena. Hakuna tumbawe lililoguswa hapo.

Tumbawe lililoguswa lilikuwa jingine. Mbele kulia alikuwa na shada la Zoanthus, polipu za kijani zenye kitovu cha rangi ya chungwa, alilopewa na mwenzake wa kazini. Nusu ya shada ilikuwa imefumba. Usiku tukamulika pale tukaona viti vya pweza wamekaa juu ya polipu zilizofumba, hawatembei. Hapa watu wengi hukata shauri mara moja, nami nadhani si sawa. Kiti cha pweza aliyekutwa juu ya tumbawe linalokufa anaweza kuwa muuaji, na anaweza kuwa mla mizoga aliyefika baada ya maji kuharibika. Kwanza tulipima chumvi, tukapima joto, tukapima naitreti. Maji yalikuwa mazuri. Kisha tukachukua bilauri mbili ndogo, tukazining'iniza ndani ya tangi lilelile, kila moja ikiwa na kipande kizima cha Zoanthus. Katika ya kwanza tukaweka wale tuliowatoa kwenye kioo. Katika ya pili tukaweka wale tuliowatoa juu ya shada.

Wa kioo walipanda ukuta wa bilauri na kubaki huko. Wa shada walikwenda moja kwa moja kwenye polipu. Tulipomnyanyua mmoja kwa kibanio siku iliyofuata, tumbo lake jembamba lilikuwa bado nje, na chini yake nyama ya polipu ilikuwa imelainika. Tukawatazama kwa kioo cha kukuzia: hawa walikuwa wanene kidogo, wa rangi ya kahawia, na wale wa kioo walikuwa bapa, weupe. Nilihisi tunashughulika na watu wa koo mbili waliopewa jina moja.

Wafugaji huwaita wote Asterina. Wanaochunguza viumbe hawa wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 O'Loughlin na Rowe walichapisha Melbourne uchambuzi mkubwa wa jenasi ya Aquilonastra, jenasi ya viti vya pweza wadogo wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, na ndani yake wapo wanaojigawa kama wale niliowaona sebuleni. Mmoja wao, Aquilonastra conandae, ni wa upande wetu wa bahari, huko kwenye visiwa vya Mascarene. Kwa mtu mwenye tangi, jambo la kushika ni kwamba hawa si aina moja, na kwamba wengi wao hawali matumbawe. Anayesikia kwamba Asterina ni mbaya amesikia nusu, na anayesikia kwamba Asterina hana neno naye amesikia nusu.

Kaka aliniuliza sisi nyumbani tunafanyaje. Nikamwambia kwetu yupo mmoja tu anayeandamwa, naye ni Acanthaster, yule mwenye miiba yenye sumu na mikono inayoweza kupita 15, anayekula matumbawe hai na kuacha nyuma yake mifupa myeupe. Chumbe, kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, kusini ya mji wa Unguja, mwamba wake wa magharibi umehifadhiwa tangu mwaka 1994, na walinzi wake, ambao miongoni mwao wamo waliokuwa wavuvi, wamekuwa wakimtoa Acanthaster mwambani. Australia wapiga mbizi humchoma sindano ya nyongo ya ng'ombe au siki, kumkata wanakuepuka. Lakini walinzi wa Chumbe hawatoi kila kiti cha pweza wanayemwona. Wanamjua wanayemtafuta. Nilitaka na kaka awe hivyo.

Basi tukaanza kazi ya mkono. Kila usiku, baada ya watoto kulala, tulimulika shada na mawe ya jirani yake, tukawatoa wa kahawia kwa kibanio, na wale waliojibana tukawavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wa kioo tuliwaacha. Tukapunguza pia chakula. Watoto walikuwa wakiwapa samaki uduvi wa barafu mara kwa mara kwa mapenzi, na maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye uduvi yalikuwa yakimiminwa yote ndani. Hayo maji ni mbolea. Mwani unanenepa, na anayekula mwani ananenepa. Nilimweleza kaka kwamba wingi wa viti vya pweza katika tangi lake ni hesabu ya chakula anachokizidisha. Baharini kingechukuliwa na mkondo, hapa kinazunguka tu. Aliinamisha kichwa, kisha akawaita watoto akawaonyesha namna ya kuosha uduvi kwenye chujio la chai.

Kazi ilisaidia, lakini wa kahawia walikuwa wameingia ndani ya mawe ambako kibanio hakifiki. Ndipo kaka alipomkumbuka mzee wa Rudow.

Rudow iko kusini kabisa, mwisho wa reli ya chini ya ardhi nambari U7. Mzee ni fundi mstaafu wa reli, amefuga matumbawe tangu zama za wale waliogawana vipande, na nyumbani kwake kuna tangi dogo wanamoishi kamba wawili, dume na jike. Nilimpa shikamoo kwa Kiswahili, kaka akamfasiria, naye akauliza jibu lake ni lipi, akasema "marahaba" vizuri sana. Kamba wake ni wa jenasi ya Hymenocera, wanaoitwa kamba harlekini. Mwili wa rangi ya maziwa, madoa makubwa yaliyozungushiwa mstari wa rangi nyingine, magando mapana bapa wanayoyashika mbele yao, hawazidi sentimita 5. Jenasi hii ipo hata katika maji yetu, lakini mimi, mtoto wa mwambani, niliwaona kwa mara ya kwanza pale Rudow, kwa kuwa hujificha.

Chakula chao ni viti vya pweza. Mzee alitueleza kwamba Wajerumani ndio waliowachunguza kwa undani: Wolfgang Wickler na Uta Seibt walichapisha habari zao kuanzia mwaka 1970, wakaonyesha kwamba dume na jike huishi pamoja muda mrefu na kwamba kila mmoja humtambua mwenzake. Kwa hiyo yeye hawatenganishi. Akitoa, anatoa wote wawili.

Na hawauzi. Anawaazima. Kwa miaka amekuwa akiwapeleka kamba wake kwa mtu mwenye viti vya pweza waliozidi. Wakila wakamaliza, wanahamia kwa mwingine, au wanarudi Rudow, ambako ameweka chombo cha pembeni anamofuga viti vya pweza hao hao wadogo kwa ajili yao. Kilicho balaa kwa mwenye Zoanthus ni shamba kwa mwenye kamba. Alituuliza mambo mengi kabla hajakubali: maji yana chumvi kiasi gani, kuna samaki gani, kuna kiti cha pweza mwingine yeyote tunayempenda, kwa sababu kamba hatabagua wa kahawia na mweupe, mkubwa na mdogo. Halafu akauliza swali ambalo naliona ndilo kubwa: wakimaliza, mtawapeleka kwa nani? Kaka alikuwa na jibu. Mwenzake wa Spandau alikuwa na tatizo lilelile na alikwisha kuomba.

Niliambiwa niwabebe mimi. Mzee aliwatia katika mifuko miwili yenye maji na hewa, kila mmoja wake, akaiweka ndani ya boksi la povu pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo, akafunga kifuniko kwa utepe. Nje palikuwa chini ya nyuzi sifuri. Nikalikumbatia boksi ndani ya koti, tukapanda treni. U7 ilitubeba mpaka Mehringdamm, tukahamia U6 kuelekea kaskazini. Watu walikuwa wakisoma simu zao, kijana mmoja analala, mama mmoja ana mbwa mwenye nguo. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya koti la mwanamke wa Kizanzibari wamo kamba wawili wa bahari ya joto. Nilisoma kila kituo kwa sauti ndogo ili nisikisahau. Kimoja kinaitwa Naturkundemuseum, kwa jina la makumbusho ya historia ya asili yaliyo karibu. Kaka akanigusa bega: ndani ya makumbusho yale, huko juu, imesimama mifupa ya dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, kimo chake mita 13 na zaidi. Wazee wa Lindi waliibeba mifupa ile kwa mabega mpaka pwani. Nilikaza boksi. Kuna viumbe wa kwetu walioletwa huku na hawarudi, na hilo si jambo dogo. Tulikipita kituo kile nikiwa nimenyamaza.

Nyumbani hatukuwamwaga kamba tangini. Mabadiliko ya ghafla ya chumvi yanaweza kuwaua, kama yanavyowaua viti vya pweza wenyewe, ambao miguu yao ya mirija inaendeshwa na maji ya bahari. Tuliwaweka kwenye ndoo, tukashusha maji ya tangi tone baada ya tone kwa mpira mwembamba uliopigwa fundo, mpaka kipimo cha chumvi cha ndoo na cha tangi kikasema kitu kimoja. Watoto walikaa sakafuni kuyatazama matone. Wifi akaleta mandazi.

Jike aliingia chini ya jiwe, dume akamfuata. Kwa muda hatukuwaona. Taa zilipozimwa akatoka jike, vipapasio vyake vya mbele vinapepesuka kama mtu anayenusa mvua. Alikwenda kwa hatua ndogo mpaka kwenye kiti cha pweza wa kahawia, akamwekea magando chini ya mkono, akamnyanyua. Miguu ya mirija ya kiti cha pweza ilikuwa imeshika jiwe, ikaachia mmoja mmoja. Akampindua chali, dume akaja, wakala wakianzia ncha ya mkono kuelekea katikati. Kazi hiyo hufanywa pole pole, na anayeliwa huwa hai muda mwingi. Mtoto mdogo wa kaka alilia. Sikumwambia kwamba hakuna kitu. Nilimwambia kwamba hivi ndivyo kamba anavyoishi, hana chakula kingine duniani, na kwamba ndiyo sababu hatumchukui kwa mchezo.

Katika wiki zilizobaki za ziara yangu shada la Zoanthus lilifumbuka upande mmoja, kisha upande wa pili. Viti vya pweza wa kioo nao walipungua, kama mzee alivyosema. Tangi likawa na vidoa vichache, na kioo, ambacho sasa kililambwa na wachache, kikaanza kupata ukungu wa kijani, ikabidi kaka akipanguse mwenyewe. Wale weupe walikuwa wafanyakazi, na hili aliliona kwa macho yake.

Kuna siku tulikwenda duka moja la matumbawe kununua chumvi. Muuzaji aliposikia habari ya kamba alituonyesha tangi la chini lenye viti vya pweza wakubwa wenye pembe za kahawia mgongoni, Protoreaster nodosus, binamu wa wale wa Jambiani. "Hawa ndio chakula," akasema. Mnunuzi humkata mkono mmoja, akaugandisha mwili uliobaki au akauacha uote tena, kamba wakala mwezi mzima. Niliwatazama. Hawazalishwi mle dukani. Wametolewa kwenye majani ya bahari ya Asia ya Kusini Mashariki, wakapandishwa ndege kama nilivyopanda mimi. Mtu ana viti vya pweza wadogo waliozidi, ananunua kamba. Viti vya pweza wanakwisha, kamba anabaki na njaa. Sasa anaagiza viti vya pweza wakubwa kutoka baharini, mmoja baada ya mwingine, ili kumlisha kamba ambaye kazi yake imekwisha. Tatizo la sebule moja limegeuka mzigo wa mwamba wa watu wengine. Kwetu Unguja, huko Michamvi, najua namna viti vya pweza wanavyoteswa kwa kutolewa majini ili wapigwe picha na wageni, kwa hiyo sikuweza kulipita lile tangi la chini nikanunua chumvi tu na kunyamaza. Nilimwambia muuzaji, kaka akifasiri, kwamba hao ni wakazi wa mahali. Alisikiliza kwa adabu.

Kabla sijaondoka tuliwakamata kamba wote wawili, jike mnene kuliko alivyokuja, tukawapeleka Spandau kwa boksi lilelile la povu. Kaka ameniandikia tangu hapo kwamba bado anaona viti vya pweza wachache, weupe, kwenye kioo usiku, na wa kahawia mara chache sana, naye huwatoa kwa kibanio. Kila kipande kipya cha tumbawe sasa hukiweka kwanza kwenye chombo cha pembeni, anakigeuza, anatazama chini ya kijiwe chake kwa kioo cha kukuzia, na usiku anakimulika kabla hajakitia tangini.

Nawe unayefuga, uwe Dubai, Muscat, Nairobi au Berlin, ukiona kiti cha pweza mdogo kwenye kioo chako, subiri umwone anakula nini. Akiwa anakula tumbawe, mtoe kwa mkono na upunguze chakula. Ukimhitaji kamba, tafuta wa kuazima, na usimpokee mpaka ujue jina la mtu utakayempelekea baadaye.